Shahidi wa Twyla Stamper

Niseme mapema ili tusichoshane: Twyla Stamper simpendi. Hajaniibia, hajanitukana, hajanifanyia ubaya wowote ninaoweza kusimama mbele za watu nikautaja. Simpendi kwa sababu kila nilichokitaka mimi amekipata yeye, tena bila kukikimbilia, na akishakipata anakaa nacho kimya kana kwamba amepakuliwa sahani ya maharage. Mtu akininunia namvumilia. Mtu akiringa najua namna ya kumtia adabu. Lakini mtu anayepata halafu asiringe, huyo utamfanya nini?

Tulikuwa wanawake wanane katika nyumba ya Bi Glenna Prater, nyumba ya mbao ya ghorofa moja upande wa Kentucky wa mto, nyuma ya kanisa la Wabaptisti. Ni nyumba ya kupata nafuu kwa wanaoacha dawa za kulevya. Ukitoka jela au hospitali, arosto imeshakutikisa mpaka ikachoka, na kwenu hawataki hata kusikia jina lako, unakuja kwa Bi Glenna. Unapewa kitanda, zamu ya jikoni na sheria. Bi Glenna alikuwa muuguzi zamani, mwanamke mpana mwenye sauti ndogo, na kijana wake wa pekee alizikwa kwa sababu ya vidonge. Halizungumzii jambo hilo, na sisi tulikuwa na adabu ya kutomuuliza.

Mimi nilifika kabla ya Twyla. Hilo naomba likumbukwe. Lavonne Hatcher, yaani mimi, alitangulia, akakuta jiko chafu akalisugua, akajua ngazi ipi inalia na bomba gani linaganda baridi ikizidi. Ndipo akaja Twyla, mwezi wa Januari, theluji imefika magotini, amevaa kandambili na koti la mwanaume, meno mawili ya mbele hayapo. Nani alimpa soksi? Mimi. Soksi za sufu nilizofuma mwenyewe. Hajanirudishia mpaka leo.

Alizaliwa juu kabisa kwenye mabonde yetu, pale barabara inapochoka na kugeuka kijito. Baba yake alichimba makaa ya mawe mpaka kifua kikajaa vumbi, mama yake alipikia watoto wa shule. Twyla alimaliza masomo akaajiriwa kwenye nyumba ya wazee, kazi ya kuwageuza vitandani na kuwaogesha. Siku moja mzee mmoja mzito aliteleza, Twyla akamdaka, mgongo ukaachia. Daktari akampa vidonge vya maumivu, vile vinavyolevya. Vikaisha, akampa vingine. Kisha daktari mwenyewe akakamatwa, vidonge vikatoweka, ila ile hamu ikabaki, na kijijini walikuwapo watu wa kutosha wa kumuuzia kilicho kikali zaidi. Ni hadithi ya nusu ya wilaya yetu. Lakini oneni bahati ya huyu mtu: hata kuharibikiwa kwake kuna heshima. Yeye aliumia akimdaka mzee. Mimi niliumia nikibingirika kwenye ngazi za baa.

Mumewe aliondoka. Binti yao, Maylee, akachukuliwa na mama wa mume, Bibi Ernestine, mwanamke wa nyumba ya matofali asiyekosa ibada hata moja. Twyla alipofika kwetu alikuwa na picha moja tu ya huyo mtoto, imekunjwa mara nne. Aliibandika juu ya kitanda chake kwa plasta ya kidonda.

Sasa niwaambie tulivyokuwa tukiripoti mambo, maana bila hilo hamtanielewa. Kwa Bi Glenna, likitokea jambo lolote, mtu kaanguka bafuni, kisu hakionekani jikoni, bwana wa mtu amekuja kupiga kelele mlangoni, kidonge kimeonekana mahali si pake, aliyeliona kwanza ndiye anayeandika taarifa ya tukio, na anaiandika kabla ya mlo unaofuata. Haijalishi kama ni rafiki yake au ni adui yake. Anaandika alichokiona na alichokisikia, basi. Hakuna “nadhani”. Hakuna “kama kawaida yake”. Bi Glenna alitueleza sababu mara moja tu, siku ya kwanza. Katika nyumba nyingine aliyowahi kufanya kazi, msichana mmoja alifukuzwa kwa taarifa iliyoandikwa “nadhani ametumia”. Hakuwa ametumia. Alipofukuzwa ndipo akatumia, na hakuamka. Na katika nyumba hiyo hiyo, mwingine alikufa kwa sababu rafiki yake alimwona na akaona haya kuandika.

Basi, mimi sikuwa na haya ya kuandika. Taarifa zangu zilikuwa ndefu na tamu. Twyla, alipokuwa tayari mkuu wa nyumba, na hilo nitalifikia, alikuwa akinirudishia moja baada ya nyingine. Nakumbuka ile ya Misty, msichana mwenye mdomo na nywele nyekundu aliyelala chumba kimoja nami. Twyla alinifuata jikoni nayo mkononi, watu wote wapo.

“Lavonne, shoga, hii nakurudishia.”

“Ina nini tena?”

“Umeandika Misty anavuta sigara bafuni kwa sababu anajiona malkia.”

“Kwani uongo?”

“Ulimwona akivuta?”

“Niliona moshi unatoka chini ya mlango. Na alikuwemo yeye.”

“Basi andika moshi, andika na aliyetoka humo.”

“Na malkia je?”

“Malkia ulimwona?”

Jiko zima likaangua kicheko. Misty akainama kama anamsujudia mtu, akasema, “Ukiniandika tena, uandike na taji.” Twyla hakucheka. Aliniwekea karatasi nyeupe mezani, akasema kwa upole, na upole wake ndio uliokuwa ukinipandisha hasira kuliko kitu kingine, “Andika ulichokiona, mwenzangu. Siyo ulichokitamani.”

Nilinuna siku mbili. Chumvi kwenye maharage nilitia kwa chuki.

Nafasi ya mkuu wa nyumba ilipokuwa wazi, kila mtu alijua ni yangu. Au niseme, mimi nilijua. Bi Glenna akamchagua Twyla. Nilimuuliza kwa nini, nikajifanya nauliza kama mtu asiyejali. Akaniambia, “Mwanangu, yule akivunja sahani anaandika kwamba amevunja sahani.” Yaani kwa sahani! Mkuu wa nyumba anapata chumba cha chini, chenye mlango wake na bafu lake. Hapangi foleni asubuhi na watu saba wamebana mapaja. Na anaruhusiwa kumleta mtoto wake Jumamosi.

Hapo ndipo wivu ulipoacha kuwa kitu cha kuchekwa. Nina mwana, Keaton, yuko Indiana kwa baba yake, ni kijana mkubwa sasa. Nampigia simu kila Jumapili. Anasema, “Niko kazini, Mama,” na nyuma yake nasikia televisheni inatangaza mpira. Na hapo barazani kwetu, kila Jumamosi, Bibi Ernestine anasimamisha gari, hashuki, anafungua mlango tu, na kale katoto kanaruka nje kanakimbia kwa Twyla kakipiga kelele. Anakaa katikati ya magoti ya mama yake, anasukwa nywele, anasimulia mambo ya shule yasiyo na mwisho. Twyla anachana, anasuka, anafumua, anasuka tena ili asimalize. Mimi niko dirishani namenya viazi.

“Lavonne,” Misty akaniuliza siku moja, “unavimenya hivyo viazi au unavichinja?”

“Fanya kazi yako.”

“Mi naifanya. Wewe kazi yako ni Twyla. Haki ya Mungu, hata mumewe hakuwahi kumtazama hivyo.”

Alisema kweli. Nilimjua Twyla kuliko nilivyojijua. Nilijua anaanza kupanda ngazi kwa mguu upi. Nilijua akiwa na hamu ya dawa anasugua kidole gumba kwenye mshono wa suruali. Nilijua anaimba wimbo gani akiwa na furaha, na kwamba anaukosea. Je, nilimwombea mabaya? Hapana. Nilimsubiri tu.

Ikafika Novemba. Hakimu alikuwa amempa Twyla ruhusa ya Maylee kulala kwetu, usiku wa kwanza kabisa tangu anyang'anywe mtoto. Ilikuwa iwe Jumamosi. Bibi Ernestine aliliambia gari zima la kanisa kwamba akisikia kitu kimoja, kimoja tu, kutoka nyumba ile, anarudi mahakamani na mtoto hatakanyaga tena pale. Twyla alikuwa haongei kingine. Amenunua mashuka yenye picha za farasi. Amebadilisha balbu ya chumba kwa sababu Maylee haogopi giza ila hapendi mwanga mkali. Sisi wote tulilazimishwa kuyasikia haya, na wote walitabasamu, na mimi nilitabasamu mpaka taya zikaniuma.

Ijumaa jino likamshinda. Gego lilikuwa limeoza toka zamani, na usiku uliotangulia lilivimba. Mama mmoja wa kanisani akampeleka kwa daktari wa meno. Mzizi ulikatikia ndani, wakapasua ufizi. Twyla aliwaambia yeye ni mtu wa aina gani, aliwaambia wazi, lakini maumivu yalimshinda na palepale kwenye kiti wakampa kidonge, kile kile cha mgongo wake wa zamani. Wakamfungia na kichupa cha vingine vya kupeleka nyumbani.

Sheria yetu juu ya dawa za namna hiyo haina kona. Kichupa kinatoka mfuko wa duka la dawa kinaingia kwenye sanduku lenye kufuli, na sanduku hufunguliwa na watu wawili, si mmoja, hata kama huyo mmoja ana ufunguo. Bi Glenna alikuwa mjini. Twyla angeita yeyote kati yetu. Hakuita. Uso umevimba, damu mdomoni, na akilini anawaza mashuka ya farasi yasiyofuliwa bado. Akajiambia atamsubiri Bi Glenna, kichupa kikae mfukoni mwa aproni kidogo tu. Mtu mwingine yeyote duniani huweka dawa mfukoni na hakuna kosa. Kwetu sisi, hilo “kidogo tu” ndilo lililotuzika.

Mimi nilikuwa chini, kwenye chumba cha kufulia, nyuma ya mashuka yaliyoanikwa kwenye kamba. Nilikaa juu ya ndoo niliyoifudikiza, karibu na mashine ya kukaushia kwa sababu pana joto, na kwa sababu nilikuwa nimetoka kumpigia Keaton, ingawa haikuwa Jumapili, na sikutaka mtu auone uso wangu. Twyla akashuka. Akatia yale mashuka ya farasi kwenye mashine, akamwaga sabuni, akaibonyeza. Kisha akabaki amesimama. Kidole gumba kikaanza kusugua mshono wa suruali.

Nikajua kabla hajaingiza mkono mfukoni.

Akafungua kichupa. Kidonge kikakaa katikati ya kiganja. Mikono yetu inakijua kidonge, hata baada ya miaka haikisahau. Akakitazama, akakitia mdomoni, akafunga mdomo na macho.

Nilifurahi. Niseme nini kingine? Furaha ilinipanda kutoka tumboni mpaka masikioni. Niliona chumba cha chini na mlango wake. Nilimwona Bibi Ernestine amekunja mikono. Niliona watu saba wakigeuka kunitazama mimi.

Twyla akashika ukingo wa mashine kwa mikono yote miwili. Akakaa hivyo. Akafumbua macho akatazama chini, akayafumba tena. Kisha akainama kwenye sinki akatema. Akaingiza vidole mdomoni, kule kule kwenye kidonda kibichi, akakwangua, akatema tena, damu tupu. Akafungua maji. Kile cheupe kikazunguka mara moja kikaingia shimoni. Akalia bila sauti, mabega tu ndiyo yaliyolia, akafunga kichupa, akapanda ngazi kwa mguu wa kushoto kama siku zote.

Nikapanda baada yake, nikachukua karatasi ya taarifa na kalamu. Niliandika kwa mwandiko mzuri kuliko wowote niliowahi kuuandika. Niko chumba cha kufulia. Twyla Stamper ameshuka. Ametoa kichupa cha dawa kwenye aproni. Amekifungua. Ameweka kidonge kimoja mdomoni na kufunga mdomo.

Hapo nikaweka kalamu chini.

Hakuna “nadhani” hata moja. Hakuna malkia. Kila neno ni kweli tupu, nimeliona kwa macho haya, na kama karatasi ikiishia hapo, si uongo. Ni kuishia tu. Nikaisoma mara ya pili, ikanipendeza zaidi. Maharage na mkate wa mahindi vilikuwa vinanukia hadi juu, maana yake muda wa kuandika unakwisha. Nikajiambia, mtu akichoka kuandika si ana haki ya kuacha?

Misty akachungulia mlangoni. “We, Bi Glenna karudi, anakuita ofisini. Twyla katoka humo sasa hivi, uso kama boga. Mmefanya nini nyie?”

Twyla alikuwa amekaa kwenye ngazi ya chini, amebana mfuko wa njegere za barafu shavuni. Hakuniangalia. Nikampita na karatasi yangu. Bi Glenna akafunga mlango. Shahidi husikilizwa peke yake, hata kwa jambo la sahani.

“Keti, mwanangu. Twyla ameleta taarifa juu yake mwenyewe. Sikusomei. Anasema kuna mtu aliyekuwepo, na amekutaja wewe.”

“Mimi? Kajuaje?”

“Anasema aliona viatu vyako chini ya mashuka.”

Bi Glenna akavua miwani. Alionekana amechoka, mzee kuliko asubuhi.

“Nikueleze nilipo. Nikimpima mkojo utasema ndiyo, kwa sababu ya kile walichompa kwenye kiti. Nikitazama kichupa, kimepungua kimoja, na hilo halinisaidii. Kesho asubuhi lazima nimpigie Bibi Ernestine, maana nimemwahidi hakimu nitamwambia lolote litokealo. Kama Twyla amerudia, mtoto haji, na pengine haji tena. Kama hakurudia, anakuja. Sina kipimo kingine. Nina wewe.”

“Nimeandika,” nikasema, nikamsukumia karatasi.

Akaisoma polepole. “Alikitia mdomoni.”

“Ndiyo.”

“Akafunga mdomo.”

“Ndiyo, Bi Glenna.”

“Kisha?”

Nikatazama karatasi kana kwamba itanijibia. “Imeishia hapo.”

“Naona imeishia. Na wewe uliondoka hapo hapo?”

“Sikuondoka.”

“Basi, kisha?”

Alikuwa ameegemea mbele, amenikazia macho, anasubiri. Na nikaelewa kwamba chochote nitakachokitamka, mwanamke huyu atakichukua. Hatakipima, hatakigeuza, atanyanyua simu na kukisema kama nilivyokisema. Mwanangu mwenyewe haniamini hata nikimwambia kwetu kunanyesha. Ni nani aliyewahi kunisubiri hivyo? Nilitaka sana kuitumia nafasi ile. Mungu anajua nilivyotaka. Na kadiri nilivyotaka ndivyo nilivyokiona kile cheupe kikizunguka kwenye sinki, na sikuweza kukizuia kisizunguke.

“Kisha akatema!” Ilinitoka kwa hasira, kama mtu anayelipa kitu asichodaiwa. “Akakitema kwenye sinki. Akatia vidole kwenye kidonda, akakwangua, akatema tena, ikatoka damu. Maji yakakichukua. Nilikiona kikienda, cheupe, kizima.”

“Una hakika hakumeza?”

“Bi Glenna, namtazama huyu mwanamke tangu Januari. Angemeza ningejua kabla ya koo lake.”

Midomo yake ikatikisika kidogo. Akanirudishia karatasi na kalamu. “Malizia.”

Nikamalizia, kwa mwandiko mbaya.

Kosa la kukaa na kichupa halikufutwa. Twyla alinyang'anywa ufunguo wa sanduku mpaka mwaka mpya, tena mbele ya mkutano wa nyumba, naye akainamisha kichwa akakubali. Lakini chumba alibaki nacho. Asubuhi Bi Glenna alipiga simu akaacha mlango wazi, tukasikia wote. Bibi Ernestine alitaka kujua huyo shahidi ni rafiki wa Twyla wa namna gani. Bi Glenna akajibu, “Mama, katika nyumba hii nzima hakuna anayemchukia Twyla kama huyo. Muulize yeyote.” Saa nane gari likasimama, mlango ukafunguliwa.

Nilitoka kwenda kuosha vyombo ili nisione mbio zile. Jioni, Maylee akiwa sebuleni anamfundisha Misty kucheza karata vibaya, Twyla akaja jikoni akachukua kitambaa akaanza kukausha. Taya bado imevimba. Tulifanya kazi, sahani baada ya sahani, mpaka nikashindwa kujizuia.

“Kwa nini ulinitaja? Ungeandika ulikuwa peke yako.”

“Haikuwa kweli.”

“Ulijua ningesema nini?”

“Sikujua.” Akapangusa kikombe ndani na nje. “Ila nilijua ukisema, wataamini. Hunipendi, Lavonne. Hata paka wa jirani analijua hilo.”

“Na viatu uliviona saa ngapi? Kabla au baada?”

Akaacha kupangusa. Sebuleni mtoto alikuwa anacheka.

“Nilikuwa nimeshakitia mdomoni,” akasema. “Nikafumbua macho. Nikaona viatu.”

“Na kama usingeviona?”

Aliweka kikombe kabatini, akakisogeza kikae sawa na vingine, kisha akakisogeza tena. Ningepaswa kumwonea huruma. Wivu ndio ulionishika, mpya kabisa, mkubwa kuliko wa chumba na wa bafu na wa mtoto. Huyu mwanamke ana mtu wa kumwona. Ana mtu anayekijua kidole gumba chake. Hata chuki yangu imekwenda kumtumikia yeye.

“Na mimi je?” nikamwambia. “Mimi nikishuka kule chini siku moja, nitaona viatu vya nani?”

Twyla akageuka. Miezi yote ile alikuwa ananisalimia, ananirudishia karatasi, ananipisha mlangoni, lakini nadhani hakuwa amenitazama. Alinitazama sasa, kuanzia nywele hadi mikononi, mikono yangu iliyokuwa ndani ya povu.

“Una kitu, Lavonne?”

“Sina.”

“Toa mikono kwenye maji.”

Nikaitoa.

“Geuza mifuko.”

Nikaigeuza yote, ya aproni na ya suruali, mmoja mmoja, na yeye akainama akaangalia kila mmoja hadi kwenye mshono.